Mdomo wa Baba (7): Mikono Yasema Kweli

Tulipoachana, sinia lilikuwa bado linazunguka sakafuni. Vikombe sita vimevunjika, chai inatafuta njia chini ya kochi, na hakuna hata mtu mmoja pale sebuleni aliyeinama kuokota.

Wote walikuwa wanatazama mikono.

Uliyelikosa gazeti wiki jana, nakusimulia mbio mbio. Mzee mwenye nyumba hii ni fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa. Kesho asubuhi anapasuliwa jicho. Moja lilishakufa zamani, na hili lililobaki limeingia mtoto wa jicho. Kwa mtu asiyesikia, jicho ndilo sikio. Daktari hakumficha: huenda akatoka anaona, huenda akatoka hana njia tena ya kuzungumza na binadamu. Ndiyo maana familia imekutana Jumapili hii mchana kumtakia heri.

Binti yake mdogo ndiye aliyeangusha sinia. Mtaa mzima unamwita Mdomo, kwa sababu tangu mama yao afariki yeye ndiye mdomo wa baba yake. Mteja akisema, Mdomo anageuza kuwa ishara. Baba akijibu kwa mikono, Mdomo anageuza kuwa maneno.

Mlangoni amesimama dada yake mkubwa, aliyefukuzwa nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita akiwa na mimba. Alifukuzwa na baba yake. Au ndivyo ilivyosemwa. Na aliyesema alikuwa nani? Mdomo.

Dada alilelewa kwa bibi yake, akarudi hapa akiwa mtu mzima, hajui ishara zaidi ya "njoo" na "kula". Hivyo ndivyo alivyoondoka. Leo amerudi, hakutamka neno. Amenyanyua mikono, na mikono imesema, "Shikamoo, baba."

Sasa twende.

Mzee alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Jicho lake lilikuwa limetanda ukungu.

Dada akavuka vipande vya vikombe, akapiga magoti mbele ya kiti, karibu kabisa na uso wa baba yake. Akarudia polepole. "Shikamoo, baba. Ni mimi."

Mzee akaweka kidole kwenye meno yake ya mbele.

Hilo ndilo jina alilompa binti yake mkubwa, mwenye mwanya. Lilikuwa halijatoka mikononi mwake kwa miaka kumi na tisa. Kidole kilishuka, kikagusa shavu la Dada kuhakikisha.

"Anasema nini?" aliuliza Shangazi kutoka kwenye kochi kubwa. Shangazi ni dada wa mzee, na ndiye mwenye sauti ya mwisho katika familia hii. "We Mdomo, umekuwa gogo? Wanasema nini hao?"

"Wanasalimiana," alisema Mdomo.

"Baba," mikono ya Dada iliendelea, "nimekuja na swali moja tu. Kwa nini ulinifukuza?"

Mzee akashtuka. "Nani alikufukuza?"

"Wewe."

"Mimi?" Mikono ya mzee ikaenda kasi, mikono mikubwa yenye makovu ya kisu cha ngozi. "Wewe ndiye uliyesema umechoka kuishi na kiziwi. Ulisema mtoto wako hatalelewa na mtu asiyemsikia akilia. Ukachukua mkoba ukaondoka. Nilikaa mlangoni siku tatu. Sikupiga msumari hata mmoja."

Kisha Shangazi tena. "Mdomo! Tunangoja!"

Sasa hapa, msomaji, ungetegemea mtu mwenye akili zake asalimu amri. Aliyefukuzwa amerudi anaelewa ishara. Mchezo umekwisha.

Mdomo akafungua kinywa, na sauti ikatoka tamu kama siku zote.

"Baba anasema yaliyopita yamepita. Anasema amemsamehe. Ila leo si siku ya maneno mengi, maana kesho ana upasuaji. Anaomba apumzike."

Mazoea yana taabu. Alidanganya kama unavyofukuza nzi, mkono unakwenda wenyewe.

"Haya, umesikia," Shangazi akamwambia Dada. "Umesamehewa. Mshukuru Mungu, ukae upande ule, tusimchoshe mgonjwa."

Dada akasimama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Mdomo zaidi.

"Sauti yako ni ile ile, mdogo wangu," alisema. "Siku ile nayo ilikuwa nzuri hivyo hivyo. Sasa niruhusu na mimi nitafsiri."

Akatafsiri. Neno kwa neno, mpaka siku tatu za mlangoni na msumari ambao haukupigwa.

Mume wa Mdomo, seremala, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, upande wa dirisha, na penseli yake sikioni, maana hata Jumapili haivui. Aliinuka nusu, akakaa tena. Hakumtazama Dada. Tangu Dada aingie alikuwa hajamtazama hata mara moja.

"Uongo!" Mdomo alipiga kelele. "Umejifunza ishara za darasani, za kwenye vitabu. Ishara za baba ni za hapa nyumbani! Utaelewa wapi wewe? Umekaa naye miaka mingapi? Miwili!"

"Kweli kabisa," Shangazi akadakia. "Hata mimi niliyezaliwa naye nimeshazisahau zote. Itakuwa wewe?"

"Baba alisoma shule ya viziwi miaka mitatu," alisema Dada. "Huko ndiko alikotoa ishara na ufundi wa viatu. Na mimi nafundisha shule ya viziwi mwaka wa kumi na moja huu. Lakini sawa. Tuseme sijui kitu. Kutikisa kichwa kunahitaji mkalimani?"



Akamgeukia mzee. Akauliza kwa mikono na kwa sauti, vyote kwa pamoja, ili kila mtu afuate.

"Baba. Siku ile ya kikao cha familia. Ulisema nitoke nyumbani?"

Mzee akatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto. Mtoto mchanga angeelewa.

"Ulisema nini kuhusu mimba yangu?"

Mzee akaonyesha tumbo la Dada. Akapiga kifua chake mwenyewe. Akaelekeza kidole sakafuni, kwa nguvu, mara mbili.

Mtoto. Wangu. Hapa.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Mdomo zilikuwa miaka kumi na tisa, na ziliisha saa nane mchana, chai ikiwa bado ya moto sakafuni.

Alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya mkeka, karibu na vipande. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana wa kumi na saba.

"Baba alikutengenezea viatu vyekundu," alisema.

"Nini?"

"Viatu vyekundu, vya ngozi laini, vyenye kifungo pembeni. Ulipotoka kwa bibi. Alikesha navyo. Unajua mimi nilikuwa navaa viatu gani? Vya wateja ambao hawakurudi kuvichukua. Kila mwaka. Kimoja kinabana, kingine kinapwaya."

"Mdomo..."

"Ngoja nimalize, si ndicho ulichokifuata? Tangu mama afe, mimi ndiye niliyesimama kwenye kibanda cha baba kutwa. Wenzangu wanacheza, mimi namwambia mteja soli imekwisha, mimi nambishia mteja jeuri, mimi natukanwa kwa niaba yake. Kisha unakuja wewe, hujui hata kumwomba maji, unachezesha vidole ovyo, na yeye anacheka! Anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi hakuwahi kunichekea. Mimi nilikuwa mkono wake. Nani anauambia mkono wake asante?"



"Viatu," alisema Dada. "Nimejifungulia kwenye stoo ya jiko la shule, juu ya magunia, kwa ajili ya viatu."

"Sikujua ungekwenda moja kwa moja. Nilifikiri utakaa kwa bibi wiki mbili, hasira ziishe, halafu..."

"Halafu ungesema ukweli?"

Mdomo akavuta ncha ya mkeka.

"Bibi alikuwa ameshakufa mwezi ule," alisema Dada. "Ulijua. Wewe ndiye uliyempa baba habari."

Lo! Hilo hata mimi ninayesimulia lilinichoma.

"Nilipika shuleni, nikaosha masufuria yanayonizidi kimo," Dada aliendelea. "Mtoto wangu alipofika miaka mitatu, ndipo nikatambua hasikii. Unajua nilisema nini? Nilisema hii ni laana ya baba. Nimemchukia mzee huyu mchana na usiku. Nilipeleka mtoto shule ya viziwi, wakanifundisha ishara pamoja naye, na siku ya kwanza mwalimu alipotuonyesha ishara ya 'baba' nilitoka nje nikatapika. Miaka kumi na tisa nimemchukia mtu aliyeningojea mlangoni siku tatu. Hayo utanilipa na nini?"

"Umejuaje kama nilidanganya?" Mdomo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikujua. Nesi wa macho ana mtoto darasani kwangu. Aliniambia kuna fundi viatu kiziwi anayepasuliwa kesho. Nikasema nije nimuulize kabla hajapofuka. Nilikuja kugombana naye, mdogo wangu. Sikuja kwa ajili yako."

Mzee alikuwa akifuata midomo yao bila kupata kitu. Akapiga mguu sakafuni, ndiyo namna yake ya kuita. Dada akarudi kwa magoti mbele yake, akamweleza yote kwa mikono. Hakumficha hata viatu.

Uso wa mzee ulibadilika kama ngozi inayowekwa juani. Ulikauka. Ukajikunja pembeni.

"Siku ile," Dada alimuuliza, "nani alikaa karibu yako?"

Mzee akanyoosha kidole kuelekea kochi kubwa. "Dada yangu. Kulia kwangu. Alikuwa anaona mikono yangu."

"Anasema nini tena?" Shangazi akauliza, lakini sasa sauti ilikuwa imepungua unene.

Mdomo aliiona ile ishara. Akageuza shingo polepole.

Fikiria kidogo, msomaji. Kaka kiziwi na dada yake mdogo wamekua nyumba moja. Wamelala mkeka mmoja, wamegombania ganda la ukoko. Mtoto anaweza kukaa miaka kumi na mbili na mtu wa namna hiyo asijue lugha yake? Hilo swali halikuwahi kumjia Mdomo. Mwongo huchunguza kila mlango isipokuwa ule anaoegemea.

"Shangazi," alisema, "kweli umesahau ishara?"

"Nimesema nimesahau. Niliolewa, nikaondoka, basi. Nakumbuka 'kula' na 'lala'."

Mdomo aliinua mikono yake, bila kutikisa hata kope, akasema kwa ishara, haraka haraka: "Shangazi, gauni lako limepasuka nyuma, nguo ya ndani yote iko nje."

Mkono wa Shangazi ulikwenda nyuma wenyewe.

Ukapapasa. Ukakuta gauni zima. Ukabaki pale pale, umenata, kama mkono wa mtoto ndani ya chungu.

Katika siku nyingine yoyote watu wangecheka mpaka machozi. Leo hakuna aliyecheka.

"Ulielewa," Mdomo alinong'ona. "Siku ile ulielewa kila kitu."

"Mimi..."

"Baba alisema mtoto abaki. Mimi nikasema baba anasema atoke. Na wewe ulikuwa umekaa kulia kwake, unaona! Kwa nini hukunizaba kofi? Nilikuwa na miaka kumi na saba, Shangazi! Kofi moja tu, yote haya yangekwisha! Miaka kumi na tisa nimelala na hili peke yangu, nikidhani hakuna anayejua zaidi ya Mungu!"

"Usinipandishie sauti," alisema Shangazi, akitafuta ule unene wa zamani. "Aliyedanganya ni mimi? Mimi nilinyamaza tu. Nilinyamaza ili nyumba isipate aibu. Binti yuko na mimba, hataki kumtaja mwanamume, mlitaka nimuwekee zulia?"

"Sikumtaja," alisema Dada, "kwa sababu aliniomba siku saba ajipange."

Alisema hivyo akitazama dirisha. Seremala akatoa penseli sikioni, akairudisha.

Nikukumbushe pia huyu seremala ni nani. Ni mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Shangazi. Shangazi alimlea tangu anatambaa, akamlipia ufundi, akamfungulia karakana. Na ni Shangazi huyo huyo aliyemletea Mdomo posa yake, mwaka wa pili baada ya Dada kuondoka. Mdomo aliona hiyo ni baraka. Alidhani amependwa.

Mguu wa mzee ukapiga sakafu tena. Mara tatu.

Alimwita Mdomo, na hakumwita kwa lile jina alilompa utotoni, vidole viwili juu ya midomo. Alinyoosha kidole tu, kama anavyomwonyesha mteja kiatu kilicho tayari.

Mdomo akajikokota mpaka mbele yake.

"Waambie maneno yangu," mikono ya mzee ilisema. "Yote. Usiruke hata moja."

"Baba, nakuomba..."

"Waambie."

Mzee akaanza. Mdomo akageukia watu, akafungua kinywa. "Anasema kwamba..."

"Siyo 'anasema'," Dada alimkata. Ilikuwa sauti ya mwalimu. "Mkalimani hasemi 'anasema'. Sema 'mimi'. Maneno ni yake."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mdomo lakini sauti, jamani, sauti ilibaki safi, ile ile iliyouza viatu miaka yote.

"Mimi nina binti mwongo," alisema. "Nilimpa mdomo wangu akiwa mtoto, kwa sababu nilimwamini kuliko mtu yeyote. Akautumia kumng'ata ndugu yake."

Mikono ilikwenda. Sauti ikaifuata.

"Mimi nimekuwa mpumbavu nyumbani kwangu. Sijui tena ni mteja gani aliyenishukuru na ni nani aliyenitukana. Sijui kama mke wangu alipokufa alisema yale niliyoambiwa amesema. Kila neno nililopewa na binti huyu nalitilia shaka."

"Si kweli, baba!" Mdomo aligeuka, mikono yake ikapepea. "Maneno ya mama yalikuwa ya kweli! Ya mama sikuyagusa!"

Mzee alingoja mpaka mikono ya Mdomo ishuke, kisha akaendelea.

"Mimi kesho nikiingia chumba cha upasuaji, atakayesimama kando ya kitanda ni mkubwa wangu. Huyu asije. Nikitoka ninaona, sitaki awe wa kwanza nitakayemwona. Nikitoka nimepofuka, asiwe yeye wa kuniongoza. Afadhali nijigonge ukutani."

Alisema yote. Hakuruka hata moja. Je, angesema kweli kama Dada asingekuwepo pale akimsikiliza? Sitawadanganya, sijui. Ninachojua ni kwamba alipomaliza aliinama, akaanza kuokota vipande vya vikombe kwa mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia angalia utajikata.

Akajikata. Hakuna aliyemwambia pole.

Wakati huo wote wanatazama mikono ya mzee, Shangazi alikuwa ameondoka kwenye kochi. Alimvuta Seremala shati mpaka dirishani, akamnong'oneza sikioni. Sentensi moja, labda mbili. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mtu aliyekaa hatua mbili kutoka pale asingepata kitu.

Lakini dirisha lile ni la vioo, na nje yake kuna baraza.

"Mtoto yuko wapi?" mzee alikuwa anamuuliza Dada.

"Yuko nje, kwenye baraza. Nilimwambia angoje. Sikujua tutapokewaje."

"Mlete!"

Hakuhitaji kuletwa. Mlango ulishafunguka. Aliingia msichana mrefu, wa miaka kumi na minane, nywele zimesukwa kwa haraka, paji la uso ni lile lile la mzee, limetoka mbele kama kofia. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye kiti, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mzee alimshika kidevu, akamsogeza mpaka pua zao zikaribie kugusana. "Unasikia?"

"Sisikii, babu."

"Hata radi?"

"Radi naisikia miguuni."

"Hata mimi!" Na mzee akacheka. Alicheka ile sauti yake isiyo na mpangilio, sauti ya mtu asiyewahi kujisikia, akashika mbavu. Nyumba hii ilikuwa haijaisikia miaka kumi na tisa. Mdomo, pale chini na damu kiganjani, alifumba macho.

Ingeishia hapo tungeachana vizuri. Lakini msichana hakuwa anacheka.

Alisimama, akampa babu yake mgongo, akamtazama mama yake. Na mikono yake ikasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya:

"Mama. Nilikuwa kwenye kioo pale. Yule bibi alikuwa anamwambia yule bwana mwenye penseli. Nimeusoma mdomo wake."

"Baadaye," mikono ya Dada ilijibu haraka. "Tutaongea nyumbani."

"Alisema: 'Wewe nyamaza tu. Mtoto hajui kama ni wako, na mkeo pia hajui.'"

Dada akawa kama aliyemwagiwa maji.

"Mama, uliniambia baba yangu alikufa kabla sijazaliwa. Ulinionyesha mpaka kaburi. Kila mwaka tunalifagia."

Kaburi! Msomaji, unaona? Huyu aliyekuja kudai ukweli alikuwa na wake alioufukia, na juu yake akapanda maua.

Mzee hakuona kitu, maana mjukuu alikuwa amempa mgongo. Shangazi alikuwa anajipangia uso mpya mbele ya dirisha. Walioielewa ile mikono walikuwa wawili tu: Dada, na Mdomo aliyekaa chini ya miguu yao.

Mdomo aliinuka. Alimtazama mumewe: ile shingo, yale mabega, yale masikio yaliyosimama kidogo. Kisha akamtazama msichana. Masikio yale yale, yaliyosimama kidogo. Aliishi na masikio yale miaka kumi na saba.

Siku saba za kujipanga. Dada alizisema dakika chache zilizopita, akitazama dirisha. Hakuwa anatazama dirisha.

Dada alimshika Mdomo mkono. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa tangu aingie. Kwa ule mkono mwingine, chini chini, karibu na paja, mtu mwingine asione, akamwambia:

"Usiseme. Nakuomba, mdogo wangu. Usimwambie mtu."

Aliyefukuzwa kwa uongo alikuwa anaomba uongo. Na alikuwa anauomba kwa yule yule.

"Mtoto anasema nini, mke wangu?" Seremala aliuliza kutoka dirishani. Alijitahidi kutabasamu. "Mbona mmenyamaza?"

Mdomo alikuwa na majibu kumi tayari. Kiu. Njaa. Anauliza choo. Yote yalikuwa yamejipanga ulimini, laini, na yoyote lingemwokoa: mume angebaki, nyumba ingebaki, na Dada angekuwa na deni kwake maisha yake yote.

Hakutoa hata moja.

Alimshika msichana mabegani, taratibu, akamgeuza mpaka akatazamana na babu yake. Damu ya kiganja ikabaki kwenye bega la blauzi. Kisha akamwambia kwa ishara:

"Rudia. Yote uliyosema, mwambie babu mwenyewe. Polepole, haoni vizuri."

Alifanya hivyo kwa kupenda ukweli au kwa kutaka kumwunguza mumewe? Labda hata yeye mwenyewe hajui. Msichana alimtazama mama yake. Mama yake alitikisa kichwa: usifanye, usifanye. Msichana akageuza uso. Akanyanyua mikono.

"Babu," ilianza.

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. Kwa umri wake hukutegemea angeruka vile. Alidaka pazia zito kwa mikono miwili, akalivuta lote kwa mara moja, akaupiga teke mlango ukajifunga. Sebule ikaingia kiza. Sisi wenye macho mazima tungeona vivuli. Kwa mzee mwenye jicho moja lililotanda ukungu, dunia nzima ilizimwa.

"Kikao kimekwisha!" Shangazi alisema gizani, akihema. "Kila mtu aende kwake!"

Kiti kililia. Mzee alikuwa anasimama. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, akapapasa hewani, akagusa bega lenye damu, akateremka mpaka akaipata mikono ya mjukuu wake. Akaiweka juu ya viganja vyake, ili kila kidole kitakachosogea akihisi.

Akangoja.

Na kule dirishani, hatua za mtu mwenye viatu vizito zilianza kusogea kuelekea mlangoni.